Ulimi wa Felista

Felista nimemzika mwenyewe, na kwa mwanamke wa dini yangu na umri wangu hilo si jambo la kila siku. Kwetu jeneza likishatoka mlangoni sisi wanawake tunabaki nyuma. Tunakaa kwenye mikeka, tunasoma, tunaliwazana, na kaburi tunalijua kwa udongo wanaorudi nao wanaume miguuni. Lakini Felista alikuwa Mkristo, hakuwa na mtoto wala ndugu katika kisiwa hiki cha Pemba, na kijana wa kanisani aliponiuliza kama nitafuatana nao nilivaa buibui langu nikapandishwa mbele kwenye gari, magoti yakinilalamikia kila shimo la njiani. Nilisimama ukingoni mwa kaburi nikatazama mchanga unavyomwagikia ubao. Sikulia. Nimefika umri ambao hata kulia kunataka nguvu, na nguvu nilizokuwa nazo siku hiyo zilitosha kusimama tu. Niliporudi nyumbani Madungu nilikaa barazani na viatu vyangu miguuni. Mjukuu wangu akaniletea maji, akaniuliza, "Bibi, huyu Bi Felista mlijuana wapi?" Nikamwambia, "Kazini." Akacheka, kwa kuwa hajapata kusikia kwamba bibi yake aliwahi kuajiriwa. "Kazi gani?" Nikamwambia nimechoka, nitamweleza kesho. Kesho imefika na imepita. Hebu niseme sasa, maana waliokuwamo katika mwaka ule wa kazi wote wameshakwenda, na nikikosea hapana tena wa kunisahihisha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Siasa za vyama zilikwisha kuingia, lakini bado hazijawafikisha watu wa mtaa mmoja kususiana harusi na maziko. Kampuni moja ya nje, iliyokuwa ikiuza soda na bia katika miji ya pwani, ilikodi nyumba ya mfanyabiashara wa karafuu pembeni mwa Madungu. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba virefu, kuta zake zimenywa harufu ya karafuu kiasi kwamba hata ukikaanga dagaa ndani yake karafuu haikushindwa. Mji mzima wa Chake ulijua upesi nyumba ile ni ya nini. Kampuni ilitaka kutafuta njia ya kutia tembo la mnazi katika chupa. Na tembo la mnazi, kwa asiyelijua, ni kitu kisicho na subira. Asubuhi mgema akiliteremsha ni tamu, karibu na maji ya dafu. Mchana limeanza kuchacha. Jioni ni kali la kumwangusha mtu, na siku ya pili ni siki. Kampuni ilitaka lile la asubuhi libaki vile vile, lizibwe, lisafirishwe Unguja na Mombasa, likae dukani likimngoja mnunuzi kama soda inavyomngoja. Watu wengine walicheka. Wengine hawakucheka hata kidogo. Kisiwa chetu ni cha Waislamu, na tembo tangu zamani lilikuwa jambo la mashambani, la watu waliotoka bara, jambo ambalo kila mtu anajua lipo na hakuna anayelitaja mbele ya wageni. Sasa lilitaka kuvishwa kofia ya bati na kubandikwa jina.

Mimi nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi kwa shangazi yangu, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akiuza achari ya embe na ya ndimu dirishani pake. Nilikuwa nimesoma skuli kidogo, nikiweza kusoma na kuandika, na hilo ndilo lililonipatia kazi ya kuosha chupa, kuzijaza, kuziziba na kuzibandika lebo. Siwezi kusema nilikwenda kwa dhiki tu. Nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani nikiwa kama chombo kilichoazimwa kikarudishwa. Siku niliyomwambia shangazi alikuwa anakata embe mbichi. Hakuacha kukata.

"Waliolaaniwa kwa ajili ya kitu kino ni kumi," akasema. "Yupo anayekikamua, yupo anayekinywa, yupo anayekibeba, yupo anayekiuza. Sasa weye ni wa ngapi?"

"Mie naosha chupa, shangazi."

"Chupa za nini?"

Akakata embe jingine, akalitia chumvi, akalisukuma pembeni. Kisha akasema nguo nitakazoendea huko zisiingie ndani ya nyumba yake, ziishie kwenye kamba ya uani, na nisiguse chungu chake kabla sijaoga. Hakunikataza. Mpaka leo sijui kwa nini hakunikataza. Pengine naye alikuwa amechoka kuniona nimekaa.

Chumba cha mbele katika nyumba ile kilikuwa cha Bwana Fransisko. Yeye alikuwa Mgoa wa Unguja, mwembamba, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua. Kampuni ndiyo iliyomleta kufanya uchunguzi. Mezani pake palikuwa na vipimo vya joto, mirija ya vioo na taa ya spiriti, na pembeni, juu ya kitambaa safi, bakuli la uji wa mchele na maziwa. Alikuwa na vidonda vya tumbo, hakula pilipili, hakula ndimu, na tone la kileo lingemlaza kitandani. Alikuwa amezunguka viwanda vya pombe vya watu miaka mingi, akiwatengenezea kitu asichoweza kukitia mdomoni. Aliniambia hayo mwenyewe bila kuomba huruma, kama mtu anayekwambia ana mguu mmoja mfupi. Mimi nisingeweza kuonja kwa dini yangu, yeye kwa tumbo lake. Na tembo, hata ulipime kwa vioo vya namna gani, mwishowe lazima mtu aseme kama linanyweka. Ndiyo maana Felista akaletwa.

Felista alikuja Pemba kutoka bara pamoja na mumewe mgema. Mume alianguka kutoka juu ya mnazi akafa, na mke akabaki akiuza tembo katika kibanda huko upande wa Gombani, ambako siku zile mashamba yalikuwa karibu zaidi na mji kuliko sasa. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia kabla yake. Siku ya kwanza Bwana Fransisko alimweka kwenye kiti karibu na dirisha, akampa vikombe vidogo, na chini akamwekea ndoo.

"Ya nini?" Felista akauliza.

"Unaonja, halafu unatema humo."

Felista aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ubavu. "Bwana, wateja wangu wakisikia natema tembo watasema nimelogwa." Lakini alitema. Miezi ile ya kwanza alitema kwelikweli, na kila kikombe alikuwa na neno lake. Hili limechemshwa sana. Hili lina ladha ya kizibo. Hili limetiwa ile dawa yako nyeupe ya kuzuia kuchacha, Bwana, linauma pembeni mwa ulimi. Bwana Fransisko aliyaandika yote kwa utulivu, kisha akarudi jikoni kubadilisha: joto zaidi kidogo, joto pungufu, kizibo cha gome badala ya kofia ya bati, dawa kidogo, bila dawa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko nilivyotarajia. Chupa zilikuwa za bia, zimetumika, zimekuja na mabuibui na mchanga ndani. Niliziosha kwa magadi mpaka vidole vikakunjamana, nikazichemsha, nikazijaza tembo la asubuhi lililokwisha chujwa, nikaziziba kwa mashine ya mkono yenye mpini mzito. Kisha tulizipanga ndani ya sufuria kubwa la maji juu ya moto, nami nikakaa na kipimo cha joto nikiangalia lisipite pale nilipoambiwa. Joto likiwa dogo, tembo halikufa. Liliendelea kuchemka lenyewe ndani ya chupa, kimya, likingoja. Adhuhuri moja tumekaa ukumbi wa nyuma tunakula, chupa ikapasuka katika chumba cha kati. Kabla hatujasimama ikafuata nyingine, halafu nyingine, kama fataki za harusi. Felista alikumbatia sahani yake ya muhogo asikubali iingie vioo. Bwana Fransisko alisimama mlangoni, povu likitambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vyake, akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Na hili nalo tumelijua." Tulifagia mpaka alasiri. Nilikwenda nyumbani nanuka tembo kutoka kichwani hadi miguuni, nikapita njia ya nyuma ya mji nisikutane na watu wanaotoka msikitini.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, mimi na Felista, katika mkeka mmoja. Hili lilisemwa mtaani, lakini wengi husema. Shangazi alinifungia muhogo wa nazi na papa, au wali na mchuzi wa pweza, na Felista hakuchelewa kutia mkono. Hapo ndipo nilipojua ulimi wake ulikuwaje. "Shangazi yako leo amekosa ndimu, ametia ukwaju." "Nazi hii imekunwa jana." Nilirudi na maneno hayo nyumbani nikidhani yatamchekesha shangazi. Hakucheka. Aliweka mwiko chini, akauliza, "Yuno mtu anajuaje?" Siku iliyofuata alinifungia chakula kingi zaidi, akaniambia nimuulize huyo mwanamke wa bara pilipili manga imezidi au haikuzidi. Hawakuwa wamepata kuonana. Na zile chupa zilizoharibika, zilizogeuka siki zenyewe bila kutiwa kitu, shangazi alikwenda kuuliza kwa shehe wa mtaa, naye akamjibu kuwa tembo likishakuwa siki lenyewe ni halali. Alirudi akiwa ametulia uso, akaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumza mambo ya hali ya hewa, "Mkiwa mnamwaga, msimwage zote." Mwaka ule achari ya Bi Mwanakombo ilisifiwa Chake nzima.

Sasa nikikaa nikitafuta ni lini mambo yalianza kuharibika, naona hakuna siku. Palikuwa na ukuta mmoja kati ya chumba changu cha chupa na kile cha kuonjea, na nilisikia kila neno. Mwanzoni nilimsikia Bwana Fransisko akisema, "Tema, Felista," na Felista akijibu, "Natema, Bwana," na baadaye mlio wa ndoo. Halafu ikawa, "Tema, Felista." "Kitu kizuri hakitemwi, Bwana." Na kicheko. Halafu ikawa, "Umetema?" "Nimetema." Nami upande wa pili, na chupa mkononi, sikusikia mlio wowote. Vikombe vilikuwa vidogo lakini vilikuwa vingi, na vilianza tangu asubuhi, tumbo halina kitu. Akitoka pale alikwenda kibandani kwake ambako nako kulikuwa na tembo, la kawaida, lisilopimwa na mtu. Alianza kuchelewa. Kicheko kikawa kikubwa zaidi kisha kikapotea. Mikono ikaanza kutetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza. Siku moja nilimwambia tukiwa tunakula, "Felista, mwambie Bwana akutafutie kazi nyingine. Njoo uoshe chupa nami." Akaniambia, "Shoga, mimi nimeletwa hapa kwa ajili ya ulimi. Nani alimwajiri ng'ombe wa maziwa akamtaka alime?" Nilimwendea Bwana Fransisko mwenyewe. Aliweka kalamu chini, akafikicha macho. "Nimewaandikia waniletee mwonjaji wa pili wapokezane, Bi Riziki. Wamenijibu nimalize kwanza na huyu niliye naye."

Masika yalipoingia Felista aliugua homa, akalala kibandani siku nyingi. Nilimpelekea uji. Aliporudi kazini alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Asubuhi ile nilikuwa uani nasuuza chupa, akaja akachuchumaa kando yangu, akachukua chupa akaanza kuisuuza bila kuombwa.

"Riziki," akasema. "Sionji."

"Huonji nini?"

"Chochote. Uji wako ule niliunywa kama maji ya moto. Nimetia chumvi mdomoni, nimetia pilipili. Pilipili inaniuma, lakini si pilipili. Ulimi umekufa."

Alikwenda hospitali. Daktari akamwambia pengine ni homa, pengine ni kileo, pengine ni ile dawa nyeupe tuliyokuwa tukijaribia, na kwamba pengine utarudi. Pengine zote hizo hazikumsaidia. Biashara ya kibandani alikwisha kuiacha, wateja wamehamia kwa mwingine, na kazi yake kwa kampuni ilikuwa ulimi tu. Hakulia. Aliniuliza tu, macho yapo kwenye chupa, "Wewe pua yako ikoje?"

Pua yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimekaa karibu mwaka mzima nikijaza na kuziba, na bila kunuwia nilikwisha kujifunza. Tembo zima lina harufu ya ua la mnazi na mkate unaoumuka. Likianza kuharibika hunuka kama embe lililoangukia majani. Likichemshwa kupita kiasi hunuka kama maji yaliyochemshiwa magimbi. Kunusa si kunywa. Hata shangazi asingeweza kunihesabu katika wale kumi kwa hilo. Basi tukapatana. Mimi ndiye niliyefungua chupa na kumimina, na nikishamimina nilisimama mlangoni nyuma ya kiti cha Bwana Fransisko. Kanga ikiwa kichwani, zuri. Ikiwa mabegani, baya. Nikiikaza kiunoni, limechemshwa mno. Felista alitia kikombe mdomoni, akanitazama kidogo, akasema neno, na sasa alitema kila kikombe, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kumeza. Bwana Fransisko aliandika. Mara nyingine alikaa na kalamu hewani, akitazama dirishani, kama anayesikiliza kitu kingine. Mimi sikujiona mwongo. Kilichoandikwa kilikuwa kweli. Kilipita mlango mwingine tu.

Mwaka wetu wa kazi ulipokaribia kwisha chupa ikapatikana. Haikupasuka, haikuchacha, haikuota ukungu shingoni. Ilikaa rafuni wiki baada ya wiki, nyeupe, na mashapo kidogo tu chini. Lakini kila nilipofungua moja nilishusha kanga nikaikaza kiunoni, na Felista akasema, "Limeiva mno, Bwana." Bwana Fransisko alirudi jikoni, akapunguza moto, na chupa zikapasuka. Akaongeza, zikatulia, na tembo likafa. Hapakuwa na nafasi kati ya kupasuka na kufa, au kama ilikuwapo ilikuwa nyembamba kuliko vipimo vyetu. Nilimwona siku hizo ameegemeza paji la uso kwenye dirisha, uji wake umepoa na kuota utando. Kisha barua ya kampuni ikaja: wakubwa wanakuja kuonja.

Walikuja kwa ndege, Wazungu wawili, mmoja mrefu, mmoja ameshika kofia mkononi muda wote. Tulitandika meza ya chumba cha mbele kitambaa cheupe, tukapanga chupa zenye lebo nilizozibandika mwenyewe, picha ya mnazi wa kijani. Walikuwa wanavuta sigara kubwa, chumba kimejaa moshi. Na yule mrefu alifungua chupa mwenyewe, mbali nami, akamimina katika bilauri. Niliposimama mahali pangu mlangoni sikupata harufu yoyote isipokuwa tumbaku. Felista aliingia akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Walimpa bilauri. Akanywa. Akanitazama. Kanga yangu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili na sikujua niiweke wapi.

Bwana Fransisko akasema kwa upole, "Sema tu, Felista."

Felista akaweka bilauri mezani. "Mimi sijui, Bwana," akasema. "Ulimi wangu ulikufa tangu masika. Muulizeni Riziki."

Bwana Fransisko akatafsiri neno kwa neno, bila kupunguza. Yule mrefu akanigeukia, akamimina bilauri nyingine, akaninyoshea. Nikaipokea, kwa kuwa ukinyoshewa kitu na mgeni unapokea, na nikajikuta nimesimama katikati ya chumba na tembo mkononi, ubaridi wa kioo unaniingia vidoleni. Nilikuwa nimezishika chupa kwa mamia, lakini bilauri ilikuwa kitu kingine. Bilauri ina upande wa kutilia mdomo. Mkubwa akasema jambo, akiashiria kwa mkono: kunywa.

"Anasema uonje," akasema Bwana Fransisko. Halafu akaongeza kwa haraka, "Si lazima."

Nilijua ikiwa tembo halikupita nyumba itafungwa. Nilijua Felista hana pa kwenda. Nilimtazama, alitikisa kichwa, kidogo sana, kunikataza. Nikaisogeza bilauri puani nikafumba macho nikanusa mpaka moshi wa sigara ukaondoka na nikalipata lenyewe. Magimbi. Maji ya magimbi.

"Halitachacha," nikasema. "Halitapasua chupa. Mtu akilinunua leo akaliweka Ramadhani hadi Ramadhani atalikuta hivi hivi. Lakini si tembo tena, Bwana. Limekufa. Na kunywa siwezi, mie nimeajiriwa kuziba."

Nikairudisha mezani. Yule mrefu alicheka, akasema maneno ambayo Bwana Fransisko hakuyatafsiri. Badala yake aliichukua ile bilauri niliyoirudisha. Nilisema, "Bwana, tumbo lako," lakini alikwisha kuinua. Aliinywa yote, taratibu, kama mtu anayekunywa dawa aliyoandikiwa miaka mingi akaahirisha. Akapangusa mdomo kwa leso. Akawaambia kwa Kiingereza, na hili nililielewa, kwamba mwanamke anasema kweli.

Nyumba ilifungwa kabla karafuu za msimu ule hazijaanikwa. Sidhani ilikuwa kwa neno langu. Wakubwa wangekwenda zao vyovyote. Ilisemekana wameona ni rahisi zaidi kuleta bia. Tulifunga chupa katika masanduku ya majani makavu, tukang'oa rafu, na karafuu ikazirudia kuta zake. Bwana Fransisko alilala kitandani siku kadhaa kwa bilauri ile, kisha akaondoka kwenda Unguja, na kutoka huko nikasikia alivuka kwenda kwao Goa. Siku ya kuagana alinipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Pua yako ni nzuri, Bi Riziki. Kanga zako nazo ni nzuri." Nikaganda. Akatabasamu kidogo, akainama kuchukua sanduku lake. Alikuwa anajua tangu lini, sikumuuliza.

Felista alikuja kwetu adhuhuri moja, na mkeka wake umeviringishwa chini ya kwapa. Alibisha hodi mlango wa mbele. Shangazi alitoka mwenyewe, mikono ina manjano, wakatazamana kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Ndiye weye wa ukwaju?"

"Ndiye mimi."

"Wakunywa bado?"

"Nakunywa, Bi."

"Na humu ndani?"

"Humu ndani hapana."

Shangazi alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye mkeka. "Haya pita, ule kwanza." Tulikula watatu. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, achari. Shangazi alimwangalia kila tonge, na mwishowe akashindwa kujizuia akauliza kama chumvi imekolea. Felista alisimamisha mkono. Akamweleza, kwa maneno machache, mambo ya ulimi wake. Shangazi hakusema pole. Alichukua kipande kikubwa zaidi cha samaki akakiweka upande wa Felista, akasema, "Basi kula. Njaa haina haja ya ulimi."

Alikaa kwetu katika chumba cha uani mpaka alipopata kazi ya usafi hospitalini, na hata baada ya hapo. Kileo hakukiacha kwa siku moja. Alikwenda akarudi, akaanguka akaamka, na kuna siku shangazi alimkuta njiani akamshika mkono kama anavyoshikwa kipofu, akampitisha mbele ya watu wote wa mtaa bila kutazama kushoto wala kulia. Majirani walisema. Siasa zilipokuja juu walisema zaidi, kwamba kwa nini mtu wa bara yumo ndani ya nyumba ya Mpemba. Shangazi aliwajibu anauza achari, hauzi majibu.

Halafu ikafika asubuhi moja, mvua za vuli zimeanza, kuni mbichi, jiko linatoa machozi. Shangazi alitupatia chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Felista alipiga funda moja, akaacha kutafuna. Akapiga jingine.

"Bi Mwanakombo," akasema, "chai hii imeingia moshi."

Shangazi alikuwa mtu ambaye hata kaka zake hawakuthubutu kumkosoa chakula. Aligeuka na mwiko mkononi. "Wasemaje?"

"Imeingia moshi. Na tangawizi umezidisha."

Shangazi akaja, akakitwaa kikombe mkononi mwa Felista, akakimwaga uani, akarudi kuchuchumaa mbele ya jiko akipuliza moto, ametugeuzia mgongo, na akapuliza muda mrefu kuliko moto ule ulivyohitaji. Akapika nyingine. Felista akaionja, akasema sukari haitoshi.